Opera haikumwibia Mahler

Karibu kila wasifu wa Gustav Mahler una ukurasa wa masikitiko. Mwandishi hujumlisha miaka ambayo mtunzi huyo aliitumia katika majumba ya opera, kuanzia 1880 alipokuwa kijana wa miaka 20, kisha huuliza tungepata simfoni ngapi zaidi, yaani kazi ndefu za okestra (kundi kubwa la wapigaji wa ala), kama asingekuwa anahangaika na kazi za watunzi wengine usiku baada ya usiku. Mahler mwenyewe aliwapa waandishi hao silaha. Barua zake zimejaa manung'uniko kuhusu maisha ya jukwaani, na alikuwa akijiita mtunzi wa majira ya joto, kwa sababu nafasi ya kuandika muziki wake aliipata wakati wa likizo tu, milango ya opera ikiwa imefungwa.

Siukubali ukurasa huo. Naamini opera ndiyo iliyomlea Mahler, na kwamba mtu aliyekaa nyumbani akilipwa ili atunge tu asingeweza kuandika Simfoni ya Pili wala ya Sita. Nalisema hili kwa uzito, maana wapo wasanii wengi, hata kwetu, wanaofundisha shuleni mchana na kutunga usiku huku wakiamini kwamba sanaa yao ya kweli itaanza siku watakapoacha kazi. Maisha ya Mahler yanaeleza habari nyingine.

Kwanza kazi yenyewe. Opera ni mchezo wa jukwaani ambao maneno yake huimbwa, mara nyingi mwanzo hadi mwisho, okestra ikiwa chini ya jukwaa. Waliowahi kuimba kwaya kanisani wanamjua mwalimu anayezishika sauti nne kwa mikono miwili. Mwongozaji wa opera anazo sauti hizo, na juu yake ana wapigaji wa ala wapatao 80, waigizaji wanaotembea na kuanguka huku wakiimba, kwaya inayoingia kutoka upande asiouona, na wapiga tarumbeta waliofichwa nyuma ya pazia wakingoja ishara. Mwimbaji akiruka mstari, ni yeye anayeivuta okestra imfuate. Yote haya hutokea mbele ya watu waliolipa, na kilichoharibika hakirudiwi.

Mahler alizaliwa tarehe 7 Julai 1860 huko Kalischt, kijiji cha Bohemia kilichokuwa chini ya Dola ya Austria na ambacho leo kiko Jamhuri ya Cheki. Miezi michache baadaye familia ikahamia Iglau, mji wenye kambi ya jeshi, ambako baba yake Bernhard alitengeneza pombe kali na kuiuza. Walikuwa Wayahudi wasemao Kijerumani katikati ya Wacheki. Mama yake, Marie, alizaa watoto 14, na zaidi ya nusu yao walikufa wakiwa wadogo. Jeneza lilitoka mara kwa mara katika nyumba ambayo chini yake watu walikunywa na kuimba, na mtaani zikapita bendi za askari. Miaka mingi baadaye wakosoaji wa Vienna walimlaumu kwa kuweka nyimbo za vilabuni na matarumbeta ya kambini ndani ya simfoni inayozungumzia kifo. Kwa mtoto wa Iglau vitu hivyo havikuwahi kutengana.

Akiwa na miaka 10 alipiga piano mbele ya hadhara mjini kwao. Mwaka 1875 akaingia chuo cha muziki Vienna, akamaliza 1878. Alitaka kuwa mtunzi, basi. Akaandika kazi kubwa ya waimbaji, kwaya na okestra, Das klagende Lied, na 1881 ikashindanishwa kwa Tuzo ya Beethoven. Mtunzi mashuhuri Johannes Brahms alikuwa mmoja wa majaji. Mahler hakushinda, na maisha yake yote alishikilia kwamba kama wangempa tuzo ile asingehukumiwa kwenda kuishi katika majumba ya opera. Tarehe zinampinga. Kazi yake ya kwanza ya kuongoza, katika jumba dogo la maonyesho huko Bad Hall, aliifanya katika majira ya joto ya 1880, kabla majaji hawajakaa. Alihitaji kula, akaenda kufanya kazi.

Akapanda ngazi pole pole: Laibach, ambayo leo ni Ljubljana, mwaka 1881, Olmütz mwanzoni mwa 1883, Kassel mwaka huohuo, Prague 1885, Leipzig 1886, Budapest 1888, Hamburg 1891. Karibu kila mji aliuacha akiwa amegombana na mtu. Hakuwa mtu rahisi. Aliwachosha waimbaji kwa mazoezi, akawadharau wakurugenzi waliotaka mambo yaende haraka.

Leipzig inahitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa pale ndipo nadharia ya opera kumwibia mtunzi inapoanguka. Alikuwa mwongozaji wa pili chini ya Arthur Nikisch, nyota wa wakati huo. Mwanzoni mwa 1887 Nikisch aliugua, na Mahler akatwikwa maonyesho ya opera za mtunzi Richard Wagner ambayo yangembana hata mwongozaji mwenye mvi. Wakati huohuo alikuwa amekubali kazi nyingine ya ajabu: Carl Maria von Weber alikuwa amefariki 1826 akiacha rasimu za opera ya vichekesho, Die drei Pintos, na familia yake ilitaka mtu wa kuikamilisha. Mahler aliifumbua miandiko ile, akapanga ala, akajaza mapengo kwa muziki uliotokana na Weber. Onyesho la kwanza lilifanyika Leipzig tarehe 20 Januari 1888, likampa jina na fedha.

Sasa angalia kilichofuata. Machi 1888, jumba la opera likiwa limefungwa kwa maombolezo ya Kaisari Wilhelm wa Kwanza, alimaliza Simfoni ya Kwanza. Mwaka huohuo akaandika muziki mrefu wa maziko ambao baadaye ulikuja kuwa sehemu ya kwanza ya Simfoni ya Pili. Kwa karibu miaka minane tangu Das klagende Lied hakuwa amemaliza kazi ya ukubwa huo, na hizi mbili zikatoka katika mwaka aliokuwa amebanwa kuliko wakati wowote. Sidhani ni bahati. Alikuwa ametoka kuvaa viatu vya mtunzi mwingine, ukurasa kwa ukurasa, akiamua ni ala gani ibebe sauti ipi na wapi okestra inyamaze ili neno lisikike. Mtunzi asiyekuwa na ajira ya opera asingepewa rasimu zile.

Budapest ni sehemu ninayopaswa kukiri kwamba inawasaidia wapinzani wangu. Huko, kama mkurugenzi wa Opera ya Kifalme ya Hungaria, alifanya kazi kubwa na kutunga kidogo. Simfoni ya Kwanza ilipopigwa kwa mara ya kwanza tarehe 20 Novemba 1889, wasikilizaji hawakujua waifanyie nini. Mwaka huo ulikuwa wa maafa: baba, mama na dada yake Leopoldine wote walifariki, na wadogo waliobaki wakawa juu ya mabega yake. Nani angetunga? Ila tusimlaumu jukwaa kwa kilichofanywa na msiba.

Hamburg alikaa miaka sita. Mtunzi Mrusi Tchaikovsky alifika Januari 1892 kuongoza opera yake Eugene Onegin, akakuta Mahler ameshaiandaa vizuri kiasi kwamba alimwachia fimbo, kisha akamwandikia mpwa wake kwamba mwongozaji wa pale ni mtu mwenye kipaji cha pekee. Majira ya joto Mahler alikwenda Steinbach, kando ya ziwa Attersee, ambako alijengewa kibanda kidogo cha kutungia. Hapo ndipo Simfoni ya Pili ilipokamilika mwaka 1894 na ya Tatu ikafuata. Katika mazishi ya mwongozaji Hans von Bülow, mwaka huohuo wa 1894 huko Hamburg, alisikia kwaya ikiimba shairi la Klopstock kuhusu ufufuo, na akapata mwisho wa simfoni aliokuwa ameutafuta kwa miaka.

Hadithi ya mazishi husimuliwa na kila mtu. Kinachosahaulika ni kwamba maneno ya Klopstock yalimpa kwaya tu. Yale yanayotokea kabla kwaya haijafungua kinywa yalitoka mahali pengine, na mahali hapo ni opera.

Sikiliza sehemu ya tano ya Simfoni ya Pili. Baada ya kishindo cha mwanzo, pembe zinalia kutoka nje ya ukumbi. Baadaye okestra inakwenda kwa mwendo wa askari, wafu wakiwa wametoka makaburini, hadi kila kitu kinasambaratika. Ndipo okestra iliyo mbele yako inakaribia kunyamaza kabisa, na kutoka mbali, nyuma ya kuta, tarumbeta na pembe zinaitana kutoka pande mbalimbali, filimbi ikijibu kwa sauti ya ndege. Ni baada ya hapo tu kwaya inaingia, kwa sauti ndogo isiyosikika vizuri, na mtu anagundua kwamba alikuwa amezuia pumzi. Kwa ushauri wangu, msomaji ambaye hajawahi kumsikiliza Mahler aanzie hapo, kwa ukamilifu, bila kuruka.

Alijifunza wapi kwamba sauti inayotoka mahali usipopaona ina uwezo wa kusimamisha dunia? Katika Fidelio, opera pekee ya Beethoven. Leonore amejivika mavazi ya kiume, ameingia gerezani kumtafuta mumewe Florestan. Gavana Pizarro amechomoa kisu amuue mfungwa, Leonore amejitupa katikati, na katika sekunde hiyo tarumbeta inalia kutoka mnarani: waziri wa mfalme amefika. Kila mtu anaganda. Tarumbeta inarudi mara ya pili, karibu zaidi. Mahler aliiongoza opera hiyo kwa miaka mingi, katika miji mingi, hata London mwaka 1892. Alisimama katika shimo la okestra, chini ya jukwaa, akimpa ishara mpiga tarumbeta asiyeonekana na wasikilizaji, akapima umbali wake, akajua ni hatua ngapi nyuma ya pazia zinazotofautisha muujiza na makosa. Hicho ni kipimo ambacho chuo hakifundishi. Ndiyo maana katika simfoni zake maagizo ya umbali ni ya mtu wa jukwaani: tarumbeta za mbali sana katika mwanzo wa Simfoni ya Kwanza, pembe ya tarishi inayosikika kwa mbali katika ya Tatu, kengele za ng'ombe katika ya Sita.

Ajabu ni kwamba mtu huyu hakuacha opera yake mwenyewe. Ujanani alianza kadhaa, akaziacha. Baada ya hapo, kwa maoni yangu, hakuzihitaji tena, kwa sababu alikuwa ameivunja opera na kuitumia vipande vyake kujengea simfoni. Simfoni ya Nane, nusu yake ya pili, inachukua mwisho wa tamthilia ya Goethe, Faust, na kuwapa waimbaji majina ya wahusika. Kinachokosekana ni mapazia tu.

Nikija Vienna, lazima nianze na bei. Opera ya Kifalme ilikuwa taasisi ya ikulu, na nafasi ya juu humo isingepewa Myahudi. Mahler akabatizwa katika Kanisa Katoliki, Hamburg, tarehe 23 Februari 1897. Aprili alipata ajira Vienna. Mwezi huohuo Karl Lueger, mwanasiasa aliyejijenga kwa kuwachochea watu dhidi ya Wayahudi, aliidhinishwa kuwa meya wa jiji hilo. Tarehe 11 Mei Mahler aliongoza pale kwa mara yake ya kwanza, opera ya Wagner iitwayo Lohengrin, na Oktoba akawa mkurugenzi. Magazeti yenye chuki hayakujali ubatizo wake. Kwa miaka kumi yaliandika kuhusu mikono yake, sura yake, na jinsi alivyoruka alipoongoza, na maana yake ilieleweka na kila msomaji. Ikiwa kuna kitu kilichomnyang'anya Mahler, hiki ni kimojawapo. Kulazimishwa kuiacha dini ya wazazi ili upewe kazi unayoiweza kuliko mtu mwingine yeyote ni dhuluma, hata kama yeye hakuwa mtu wa sinagogi.

Alichokifanya ndani ya jumba hilo kimekuwa kawaida mpaka tumesahau kwamba kiliwahi kupigiwa kelele. Waliochelewa walizuiwa mlangoni. Watu waliolipwa na waimbaji ili wapige makofi alipambana nao. Opera za Wagner, zilizokuwa zikikatwa ili watu wawahi chakula cha usiku, alizirudishia kurasa zilizoondolewa. Taa za ukumbini zikapunguzwa. Kuanzia Tristan und Isolde ya Wagner, tarehe 21 Februari 1903, alifanya kazi na mchoraji Alfred Roller, ambaye alitumia mwanga na rangi kueleza hali ya moyo, kila tendo na rangi yake, badala ya kutundika picha za ngome na miti. Wakafanya Fidelio 1904, Don Giovanni 1905, Le nozze di Figaro 1906. Katika Figaro, Mahler alithubutu kumwongezea Mozart tukio fupi la mahakamani alilolitunga mwenyewe, maneno yakitoka katika tamthilia ya Beaumarchais ambayo opera hiyo imetokana nayo, ili mtazamaji aielewe kesi. Wapo wanaoona kitendo hicho ni kufuru. Mimi naona mtu ambaye kuongoza na kutunga kwake vilikuwa jambo moja.

Aliongoza zaidi ya maonyesho 600 katika miaka kumi ile, na hiyo ni nje ya kuajiri waimbaji, kupanga bajeti, kubishana na maofisa wa ikulu na wachunguzi wa serikali. Wachunguzi hao walikataa katakata opera ya Richard Strauss, Salome, isionyeshwe Vienna, na hata Mahler alipoitetea alishindwa.

Na katika miaka hiyohiyo aliandika nini? Majira mawili ya kwanza yalipita karibu patupu. Kisha Simfoni ya Nne, 1899 na 1900. Ya Tano, 1901 na 1902. Ya Sita, 1903 na 1904. Ya Saba, 1904 na 1905. Ya Nane, majira ya joto ya 1906. Pamoja na hizo nyimbo za mashairi ya Rückert, zikiwemo Kindertotenlieder, nyimbo za mzazi aliyefiwa na watoto. Sitaki kuficha kwamba mwili ulilipa: Februari 1901 alivuja damu usiku kiasi cha kukaribia kufa, na mwaka huo akaachana na maonyesho ya okestra ya Vienna Philharmonic, ambayo wanamuziki wake wengi walikuwa wamemchoka. Lakini anayedai kazi ilimzuia kutunga anapaswa kueleza kwa nini alipokuwa mkuu wa jumba lenye shughuli nyingi namna ile ndipo alipotunga kwa wingi na kwa ujasiri kuliko kipindi kingine chochote.

Jibu langu ni kwamba mazoezi ya asubuhi yalikuwa maabara. Simfoni ya Tano ilipigwa mara ya kwanza Cologne tarehe 18 Oktoba 1904, na toka hapo hakuacha kuirekebisha. Alikuwa bado anaigusa miezi michache kabla ya kufa. Simfoni ya Sita, iliyotolewa Essen tarehe 27 Mei 1906, ina mapigo ya nyundo kubwa ya mbao katika sehemu ya mwisho. Mwanzoni yalikuwa matatu. Aliliondoa la tatu, na sehemu mbili za katikati akazibadilisha nafasi. Simfoni ya Kwanza ilianza na sehemu tano, ikabaki na nne. Mtunzi wa mezani huona karatasi yake kama hukumu. Mahler, aliyezoea kuona tukio likifa jukwaani Jumatatu na kulitengeneza kabla ya Alhamisi, alijua kwamba karatasi ni pendekezo mpaka okestra ilijaribu.

Kama tunatafuta mtunzi aliyeibiwa katika nyumba ile, yupo. Alma Schindler alikuwa mwanafunzi wa Alexander Zemlinsky na alikuwa akitunga nyimbo. Desemba 1901, kabla ya ndoa, Mahler alimwandikia barua ndefu akimtaka aache kutunga; nyumba moja, kwa hoja yake, haiwezi kuwa na watunzi wawili, na kazi ya mke ni kumfanya mume awe na raha. Walioana tarehe 9 Machi 1902. Alma aliweka kalamu chini. Mahler alibadilika 1910 tu, baada ya kugundua kwamba mkewe ana uhusiano na msanifu majengo Walter Gropius. Ndipo alipozitoa nyimbo zake kabatini, akazipiga kwenye piano, akaona thamani yake, akasaidia tano zichapishwe mwaka huo. Zote zilizochapishwa Alma akiwa hai ni 14. Wasifu unaotumia sura nzima kulia juu ya muda wa Gustav na aya moja kwa muda wa Alma umepima vibaya. Mtu aliyejua kutokana na maisha yake kwamba majukumu na utunzi vinaweza kukaa pamoja alimkatalia mwenzake jambo hilohilo. Muziki wake naupenda sana, na barua ile siwezi kuitetea.

Mwaka 1907 ulibomoa kila kitu. Alijiuzulu, akiwa amechoshwa na magazeti na lawama za ikulu kuhusu safari zake za kuongoza muziki wake nje. Tarehe 12 Julai binti yake mkubwa, Maria, alifariki kwa homa ya skaleti na dondakoo kabla hajatimiza miaka mitano. Siku chache baadaye daktari akagundua moyo wa Mahler una kasoro. Onyesho lake la mwisho katika Opera ya Vienna, 15 Oktoba, lilikuwa Fidelio. Siku ya Mwaka Mpya 1908 alisimama Metropolitan Opera, New York, akiongoza Tristan und Isolde. Msimu uliofuata mwongozaji Mwitaliano Arturo Toscanini alifika hapo, akitaka Tristan iwe yake, na Mahler alikataa kuiachia. Mwaka 1909 akahamia okestra ya New York Philharmonic.

Majira ya joto sasa aliyatumia Toblach, milimani. Hapo aliandika Das Lied von der Erde mwaka 1908, Simfoni ya Tisa mwaka uliofuata, na 1910 akaanza ya Kumi. Septemba 1910 aliongoza Simfoni ya Nane jijini Munich, watu zaidi ya 1,000 wakiwa jukwaani, na ukumbi mzima ulikuwa upande wake. Februari 1911 aliugua New York, ugonjwa wa bakteria katika moyo, na tarehe 18 Mei akafariki Vienna, akiwa na miaka 50.

Wanazi walipiga marufuku muziki wake Ujerumani tangu 1933 na Austria tangu 1938. Mpwa wake Alma Rosé, mpiga violini, mtoto wa dada yake Justine, alifungwa Auschwitz na kulazimishwa kuongoza okestra ya wanawake wafungwa. Alifia humo Aprili 1944. Ubatizo wa 1897 haukumkinga mtu yeyote wa ukoo huo.

Narudi kwenye hoja yangu, maana ina matokeo kwa wanaopiga muziki huu leo. Das Lied von der Erde ilisikika kwa mara ya kwanza Munich tarehe 20 Novemba 1911, na Simfoni ya Tisa Vienna tarehe 26 Juni 1912, zote chini ya Bruno Walter, aliyekuwa msaidizi wake tangu Hamburg. Hizi mbili ndizo kazi kubwa alizozikamilisha bila kuzipitisha mazoezini kwa mkono wake. Hakuzisikia kamwe. Ya Kumi aliiacha rasimu, na toleo linaloweza kupigwa lililoandaliwa na Deryck Cooke lilipigwa zima London mwaka 1964. Wapo waongozaji wakubwa waliokataa kuligusa kwa kumheshimu marehemu.

Heshima ya namna hiyo siielewi. Mtu huyu alikamilisha opera ya Weber, aliongeza tukio ndani ya Mozart, alibadilisha ala katika simfoni za Beethoven na Schumann, akaondoa nyundo yake mwenyewe. Ndani ya Das Lied yapo maeneo, katika wimbo wa kwanza hasa, ambapo okestra inamfunika mwimbaji wa tenori (sauti ya juu ya kiume) kiasi kwamba hata mwenye kifua kikubwa hupigania kila neno. Mwongozaji aliyetumia zaidi ya miaka 25 shimoni, akihakikisha maneno yanawafikia waliokaa viti vya juu kabisa, asingeliacha jambo hilo lipite zoezi la kwanza. Angesimamisha okestra, angewanyamazisha baadhi ya wapiga pembe, angebadilisha alama za sauti palepale kwa penseli. Kwa hiyo mwongozaji wa leo anayezipunguza sauti hizo ili mwimbaji asikike anafanya alichokifanya Mahler kila asubuhi ya kazi, na ningependa wengi zaidi wathubutu.